Vitufe vya Changu na Tasi

Siku niliyoripoti kazini, Mkuu wa Kitengo cha Takwimu hakuniuliza vyeti. Aliniuliza kama nyumbani tuna sabuni. Ilikuwa miaka ya dhiki, maduka ya Tanga yamebaki rafu tupu, na asubuhi hiyo kituo chetu cha utafiti wa uvuvi kilikuwa kimepata mgao.

"Shikamoo, Mkuu," nilisema, bado nimesimama mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Nenda stoo kwanza ukachukue mche wako. Kazi haikimbii."

Alikuwa Mpemba mrefu, mcheshi, na ndiye aliyenifundisha kazi. Tulikuwa wanawake watatu katika chumba kimoja, kila mmoja na mashine yake ya kukokotoa ya kuzungusha mkono. Makarani wa madiko, yaani mahali samaki wanapoteremshwa, walituletea uzito wa samaki waliovuliwa Ushongo, Mkwaja na kwingineko. Sisi tukajumlisha, na watafiti wakakadiria samaki waliobaki baharini. Karatasi zilikuwa adimu, hivyo tuliandika nyuma ya barua za zamani.

Kisha wafadhili wakaleta kompyuta. Skrini yake ilikuwa nyeusi, herufi za kijani, na haikufanya lolote mpaka uiandikie amri. Ukisahau mkato mmoja inakutemea neno "kosa" bila kukwambia kosa lenyewe. Mkuu alizijua amri zote kwa moyo na alijivunia hilo waziwazi. Watafiti wenye shahada zao walipanga foleni mlangoni kwake. Alipokwenda Pemba kwenye matanga, kituo kizima tulikaa tunapiga soga.

Biashara ilipofunguliwa, maduka yakajaa tena, na mjini zikaingia kompyuta za aina nyingine, zenye madirisha, picha na kipanya. Nilipelekwa Dar es Salaam kwenye mafunzo, nikarudi najua kutengeneza kiolesura, yaani ile sura ya programu ambayo mtumiaji anaiona na kuibonyeza, huku hesabu ngumu zikifanyika nyuma yake.

Mkuu alitazama vitufe vyangu vya kwanza, akatikisa kichwa. "Mwanahawa, unataka kuifanya sayansi duka la pipi?"

Mkuu alibadili mawazo pale Mkurugenzi wa kituo alipotangaza kwamba wafanyakazi watapunguzwa. Makarani wa madiko ndio waliokuwa wa kwanza kutajwa. "Wanaandika, kisha mwingine anaandika tena," alisema Mkurugenzi. "Kama hawawezi kuingiza takwimu wenyewe, sina sababu ya kuwabakiza."

Mchana ule Mkuu alikuja mezani kwangu. "Haya. Lifungue hilo duka lako."

Nilifanya kazi kwa raha ambayo sijaipata tena. Mchoraji wa kituo alichora samaki, mimi nikawageuza vitufe: changu, tasi, pono, kibua. Ukimbonyeza samaki, dirisha linafunguka, unaweka uzito. Nikamwita Mzee Mbwana, karani wa Ushongo, aje kujaribu.

Mzee Mbwana alikishika kipanya, akakiinua juu, akakigusisha kwenye kioo. Nikamwelekeza. Akampata changu, akaweka uzito. Hapo dirisha dogo likatokea: "Una hakika?"

Akageuka. "Inaniita muongo?"

"Hapana, mzee, inauliza tu."

"Nimeshaiambia. Anayeuliza tena ama hakusikia, ama hakuamini."

Mimi nikacheka. Yeye hakucheka. Alivaa kofia yake akatoka, na Mkurugenzi alikuwa karibu kuja kukagua programu.

Mkuu alimfuata. Walikunywa kahawa barazani, wakarudi pamoja wanabishana juu ya mpira. Mkuu akaniambia, "Sasa kaa nyuma yake, usiseme neno. Mpaka sasa programu hii inaendeshwa na mdomo wako."

Sikujua kunyamaza kulivyo kugumu. Nilimwona akikitafuta kitufe cha kuhifadhi, nilichokificha pembeni kwa sababu pale kilipendeza. Nilimwona amekosea uzito na hana njia ya kurudi. Nilibomoa nikajenga upya. Mahali pa "Una hakika?" nikaweka: "Changu, kilo ishirini. Nihifadhi?" Chini yake vitufe viwili vikubwa: "Hifadhi" na "Ngoja, nirekebishe."

Mzee Mbwana alisoma kwa sauti. "Hapo sasa inazungumza kama iliyolelewa," akasema.

Siku ya ukaguzi, Mzee Mbwana alikuja amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Mkurugenzi hakumpa nafasi. "Huyu mmemfundisha," alisema, akamnyooshea kidole Bi Saumu, karani wa Mkwaja, aliyekuwa ameleta tu takwimu zake. "Nataka yule."

Bi Saumu hakuwahi kuigusa kompyuta. Alikaa, akajifunga vizuri mtandio wake. Akabonyeza pono badala ya tasi. Nikamwona Mkurugenzi anakunja uso, nami nikauma mdomo. Bi Saumu akasoma swali polepole, akabonyeza "Ngoja, nirekebishe," akamchagua tasi, akahifadhi. Grafu ya tasi ikapanda kwenye skrini.

"Mama, umejifunza wapi?" Mkurugenzi aliuliza.

"Sijajifunza, Bwana. Inaniuliza, naijibu."

Makarani wote wa madiko walibaki. Mzee Mbwana alimkumbatia Mkuu mpaka kofia ikamdondoka. Lakini upunguzaji haukufutwa, ukahamia chumbani kwetu, kwa sisi tuliokuwa tukiandika upya takwimu za makarani. Wenzangu wawili waliondoka, mimi nikabakizwa kuitunza programu. Mmoja, Rehema, alifungua duka la vitambaa Makorora, na kwa muda mrefu salamu yangu aliijibu akitazama pembeni. Tulipatana alipoanza kunipigia hodi kuuliza habari za kompyuta kwa ajili ya bintiye.

Nimestaafu sasa. Programu yangu ilishatupwa, na sisikitiki. Kazi ya namna ile haidumu, inatumika kisha inapisha nyingine. Majuzi nilipita kituoni kusalimia, na binti aliyeshika nafasi yangu akaniwekea mbele programu yao mpya. Nilihangaika nayo. Nilibonyeza hapa, nikarudi kule, nikapotea kabisa, huku nikijicheka.

Hakuninyang'anya kipanya. Alisogea, akauliza, "Bibi, ulitarajia kitufe kiwe wapi?"

Swali lile lilinifurahisha kuliko hotuba zote za siku niliyoagwa. Nikavua miwani, nikaifuta vizuri, nikaanza kumweleza.