Tawi Nililolihamisha

Ukitaka kunicheka, nicheke sasa hivi, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya ninayokueleza sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, mchana, jua likiwa juu, wala sikuwa nimeonja pombe tangu tulipotoka nyumbani. Watu wakisikia habari za namna hii hudhani lazima kuwe na giza na bundi analia. Hapakuwa na bundi. Palikuwa na jua, siafu njiani, na tawi moja la mti.

Enzi hizo Mwingereza ndiye mwenye nchi. Mimi nilikuwa mpishi wa Mzungu mmoja pale Kilimatinde, tuliyemwita Bwana Miwani, na kusema kweli nilijiona sana. Kwetu Kintinku nani mwingine aliyejua kuoka mkate ndani ya sufuria, makaa chini na makaa juu? Basi mwaka huo mke wake, Memsahib, akasema amechoka kukaa kilimani, anataka kwenda kupumzika porini. Si kuwinda. Kutembea tu, kulala hemani na kukamata vipepeo kwa wavu. Na pori alilolichagua ni lile la kusini mwa Itigi, msitu wa serikali, mkubwa hivi kwamba unaweza kutembea siku nne usione moshi wa mtu. Sisi watumishi tulicheka mpaka tukakaa chini. Kwetu mtu aliingia kule kutafuta asali, au kwa sababu amekosana na serikali. Tangu lini mtu akaingia kule kwa raha?

Wapagazi walihitajika, nami nikamchukua Masaka, kaka wa mke wangu. Hili ndilo linaloniuma mpaka leo. Masaka hakutaka kwenda. Alikuwa mtu wa ng'ombe, mpole, anayecheka kabla hujamaliza utani wenyewe. Mke wangu Mele naye hakutaka, maana kwao walizaliwa wawili tu. Mimi nikashikilia. Shemeji, nikamwambia, ni matembezi tu, utakula mkate wa kizungu na utarudi umenenepa. Siku ya kuondoka Mele alisimama mlangoni akaniambia, "Umemchukua mwenyewe, umrudishe mwenyewe." Nikamjibu kwamba nitamrudisha na kitambi.

Tulipanda treni Manyoni mpaka Itigi, na pale tukampata wa kutuongoza, Mzee Kasanda, Mkimbu, mrina asali aliyezeekea katika pori lile. Maneno yake yalikuwa machache. Vichaka vya kule vimeshikana, huoni hatua kumi mbele yako, na njia zinagawanyika kila mara. Kwa hiyo wanaosafiri humo wana desturi yao. Wa mbele akifika njia panda hukata tawi bichi akalilaza juu ya njia isiyopitwa. Anayekuja nyuma akiliona anajua hii imefungwa, anashika ile nyingine. Hata watu wasiosemeshana huliheshimu tawi. "Likishalazwa halihamishwi," mzee alituambia usiku wa kwanza. "Anayelihamisha anaua mtu." Mimi niliona anatutisha ili tumwogope.

Siku tatu zilikwenda vizuri. Memsahib alikimbiza vipepeo, Bwana Miwani alisoma gazeti la zamani chini ya mninga, na mimi nikapika. Masaka nilimpa sanduku langu la vyombo alibebe kichwani, na ndani yake vikombe vya bati vilikuwa vinagongana kila anapopiga hatua. Kwa mbali ulimjua alipo. Nilimtania kwamba nimemvika kengele kama dume la ng'ombe, sasa hawezi kupotea. Naye alicheka sana.

Siku ya nne tukahamisha kambi. Asubuhi hiyo Masaka alichomwa na mwiba mguuni, akawa anachechemea, kwa hiyo akabaki wa mwisho. Mzee Kasanda na Wazungu na wapagazi wengine walitangulia. Mimi nilikuwa katikati, peke yangu, nikisikia vikombe vikilia nyuma yangu, kisha vikawa mbali, kisha sikuvisikia tena. Nilikuwa na haraka, maana chai ya Memsahib haikungoja mtu.

Saa saba hivi nikafika njia panda. Tawi la mzee lilikuwa limelazwa njia ya kushoto, majani bado mabichi, yananukia. Siafu walikuwa wanakatiza njia, mstari mnene, nikawaruka. Nikainama kufunga kiatu. Nilipoinuka, palikuwa na mtu.

Alikuwa amesimama pale njia zilipogawanyika, sanduku la mbao kichwani, kaptula imechakaa, miguu mitupu. Shingoni alikuwa na kibati cha shaba chenye namba. Niamini, kibati kile nilikijua. Nilipokuwa mtoto niliwaona wapagazi wa vita ya Mwingereza na Mjerumani wakipita Kilimatinde, mamia kwa mamia, kila mmoja na namba yake shingoni, na wengi wao hawakuonekana tena. Vita ile ilikuwa imekwisha zamani. Sasa huyu alikuwa ametoka wapi na kibati chake?

"Mbukwa," akaniamkia, kwa Kigogo chetu.

Nikaitikia. Ulimi wenyewe uliitikia, mimi sikuutuma.

"Wenzangu wamefunga njia ipi?" akauliza.

Nikamwonyesha tawi. Akalitazama, akatikisa kichwa polepole, na lile sanduku halikuyumba. "Hilo ni la watu wenu. Sisi hatukuachiwa tawi. Nimesimama hapa muda mrefu."

Hapo ndipo nikatazama chini. Alikuwa amesimama katikati ya siafu. Walikuwa wanapita palipokuwa na miguu yake, mstari umenyooka, hawapandi wala hawazunguki, kana kwamba hapana mguu pale. Nikarudi nyuma hatua moja. 

"Basi nitakufuata wewe," akasema.

Ewe mwenzangu, ungefanya nini? Mimi niliona mambo mawili tu. Niliona huyu mtu akiingia nami kambini, akikaa kwenye moto wangu. Na niliona kwamba lazima nimwondoe. Nikamwambia hapana, wenzako walishika kushoto, nakumbuka kabisa, ni kushoto. Akasema, taratibu, kama mtu anayejua kazi yake, "Basi ifunge ya kulia, nijue umesema kweli."

Nikaliokota lile tawi. Mikono hii. Nikalitoa kushoto nikalilaza kulia, juu ya njia ya kambini kwetu. Yule mtu akashukuru, akaingia njia ya kushoto na mzigo wake. Akaenda hatua chache, akasimama, mgongo kwangu, kama anayesikiliza.

Na mimi nikasikia. Vikombe. Masaka alikuwa anakuja, bado yuko mbali, ila anakuja.

Ningesubiri tu. Miaka yote hii najiambia ningesubiri tu, robo saa, afike, tushikane mikono tuondoke. Au ningelirudisha tawi mahali pake. Lakini yule mtu alikuwa hajaondoka, mgongo wake nauona, na nilijua nikiligusa tawi atageuka. Nikaogopa. Nikaliruka tawi nikakimbia njia ya kulia, na njia nzima najidanganya kwamba shemeji ataona nyayo zangu, shemeji ataita, shemeji si mjinga. Kumbe mtu mwaminifu ndiye anayelitii tawi.

Nilifika kambini nikawasha moto. Maji yakachemka. Memsahib akaniuliza vikombe viko wapi, nikakumbuka kwamba vyote viko kichwani kwa Masaka. Chai ikakaa ikapoa. Mzee Kasanda akaja karibu yangu akaniuliza kama nimeliona tawi. Nikasema nimeliona, kushoto, nikapita.  Akachukua panga lake, na Bwana Miwani akachukua bunduki, tukarudi upesi kabla jua halijashuka.

Tawi lilikuwa kulia, pale nilipoliacha. Lilikuwa limekatwa asubuhi hiyo hiyo. Mzee alipoliinua, majani yote yalidondoka, yamekauka, na kijiti chenyewe kikavunjika mkononi mwake. Kushoto palikuwa na nyayo za Masaka, mguu mmoja unaburuta. Tukazifuata kwenye mchanga laini mpaka mahali fulani katikati ya njia, na pale zikaisha. Hapakuwa na damu, hapakuwa na sanduku. Tukaita. Kwa mbali, ndani ya vichaka, vikombe vikalia, hatua kwa hatua, kama mtu anayetembea. Tukakimbilia huko, sauti ikawa pale pale kwa mbali. Mzee Kasanda akanigeukia. "Nani amehamisha tawi?" Nikainama kama ninayetazama nyayo. Aliniangalia mara moja, kisha hakunisemesha tena mpaka tulipoagana Itigi.

Tulimtafuta siku tano. Bwana Miwani alipiga risasi hewani mpaka zikakaribia kwisha. Memsahib alilia, akatupa wavu wake wa vipepeo, na hakutaka tena habari za pori.

Nyumbani nikamwambia Mele kwamba simba amemchukua kaka yake. Hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Simba amekula na sanduku?"  Mwaka uliofuata akataka tuhamie Manyoni, karibu na stesheni, nikakubali, maana ningemkatalia kwa uso gani? Kila treni iliyotoka upande wa Itigi, Mele alitoka nje kuiangalia. Akiwa ameshika unga, alitoka na unga mikononi. Alifanya hivyo mpaka alipokufa, na hakuniuliza tena. Sasa hayupo, ndiyo maana nasema.

Warina asali wa kule wanasema yule mpagazi wa vita haonekani siku hizi. Anayeonekana ni mwingine, anachechemea, ana sanduku la vyombo kichwani. Anasimama njia panda, anaamkia kwa adabu, na anauliza wenzake wamefunga njia ipi. Mara tatu nimekwenda kumtoa. Nimelaza tawi bichi kushoto, nimesimama nikamwita kwa jina lake. Mara zote tatu nilisikia vikombe vikija. Na mara zote tatu nikakimbia.

Nasikia vijana wa mjini sasa wanaingia msitu ule kutembea, kwa raha, kama Memsahib. Nendeni, siwezi kuwazuia. Lakini mkikuta tawi limelazwa njiani, msiliguse. Na wewe ukimkuta yule mwenye sanduku, usimdanganye ili akuondokee. Kata tawi bichi, lilaze kushoto, utangulie kulia, umwache akufuate, na usiogope vikombe vikilia nyuma yako. Akikuuliza ni nani aliyeifunga njia ya kambini siku ile, usinifichie. Mwambie, "Ni shemeji yako."