Harufu ya karafuu iliyoficha kidonda

Bi Rahila Shaame hafungui bandeji mpaka kwanza ainuse. Amepiga magoti kwenye sakafu ya jikoni, mguu wa mdogo wake Hudhaifa ukiwa juu ya kigoda, na mlango wa uani ameusukuma mpaka ukafungika, ingawa ndani kuna joto la kutosha.

Mlango amefunga kwa sababu ya karafuu. Nje majamvi ya karafuu zinazoanikwa yametandazwa uwanja mzima, na harufu yake inaingia kila mahali: kwenye nguo, kwenye chai, hata kwenye mto wa kulalia. Wageni wanaoshuka Pemba msimu huu huisifia sana. Bi Rahila ameichukia.

"Hii ndiyo iliyotuponza," anasema, huku akifungua kitambaa taratibu. "Nikitaka kujua kidonda kinasemaje, lazima nijifungie."

Bi Rahila ana umri wa miaka 53, mjane, na kazi yake ni kufuga nyuki kwenye kilima kimoja nje ya Mtambile. Watu wa vijiji vya jirani wanamjua kwa asali ya vidonda. Mtoto akiungua uji, mzee akikatwa na jembe, hutumwa mtu kwa Bi Rahila na kikombe. Asali ya kula anaiuza. Ya kidonda hutoa bure, kama alivyofanya mama yake, na hilo halina mjadala nyumbani kwake.

Mwaka huu kidonda kimeingia nyumbani mwake.

Hudhaifa, miaka 41, amekuwa mchumaji wa karafuu tangu alipoweza kupanda mti. Mkewe alifariki, na yeye na watoto wake wawili wanaishi kwa dada yake. Mwanzoni mwa msimu tawi lilimkatikia. Hakuanguka, akamshukuru Mungu, lakini kigutu cha tawi kilimchana juu ya kifundo cha mguu.

Akafanya kile wanachofanya wachumaji wengi. Alipasua kidonge cha rangi mbili, akanyunyiza unga wake kwenye jeraha, akafunga kitambaa na kurudi juu.

"Kila ntu kambini ndivyo afanyavyo," anasema Hudhaifa, bila kumtazama dada yake. "Vidonge ukibakisha, unampa mwenzio. Karafuu hiyo haikungoji, yakhe. Leo hujaichuma, kesho imechanua, basi tena."

Karafuu huchumwa ikiwa bado tumba lililofumba. Likishafunguka ua, haina bei. Ndiyo maana msimu ukiingia hakuna mchumaji anayelala kitandani kwa ajili ya mchubuko.

Usiku Hudhaifa alikuwa akilala ghalani, juu ya magunia, kulinda mali isiibwe. Hapo ndipo msiba ulipojificha. Kidonda kilioza taratibu, na kwa kawaida kidonda kilichooza hujitangaza chenyewe. Lakini ghala zima lilikuwa likinuka karafuu, na yeye mwenyewe alinuka karafuu kuanzia nywele mpaka nguo. Maumivu aliyasikia, akadhani ni uchovu wa kupanda.

"Ningelala chumbani na wanangu wangenambia, baba unanuka," anasema.

Aliyemwambia hakutumia maneno. Ilikuwa siku ya Ijumaa. Hudhaifa alioga, akavaa kanzu safi iliyotoka sandukuni, isiyo na harufu ya karafuu, akaenda msikitini. Wakiwa wamekaa safuni, mtu aliyekuwa bega kwa bega naye akageuza uso, kisha akasogea kidogo. Wa upande wa pili naye akasogea. Pakabaki nafasi kila upande wake.

"Nilisali nikilia," anasema Hudhaifa. "Watu wakadhani nina khushui, unyenyekevu wa sala."

Ni vigumu kumsikiliza mtu mzima akisimulia jambo hilo na kubaki umeshika kalamu. Bi Rahila anainuka, anakwenda kukoroga sufuria ambayo haina haja ya kukorogwa.

Hospitali walimlaza, wakamtundikia dripu za dawa kali. Homa ilishuka, kidonda hakikusogea. Walipopima usaha wakakuta wadudu waliomo wamezizoea dawa tatu kati ya zile zilizokuwepo. Daktari akawaambia kwa upole kwamba huenda mguu ukakatwa chini ya goti. Bi Rahila akaomba ajaribu asali. Daktari akakubali, akamruhusu Hudhaifa arudi nyumbani, ila kwa masharti: dawa ziendelee, kidonda kisafishwe na muuguzi, na picha ya mfupa ipigwe siku ya kurudi.

Muuguzi huyo ni Samiha, jirani yao, ambaye hupita kila asubuhi akielekea kazini. Huosha kidonda kwa maji ya chumvi ya hospitali, kisha humwachia Bi Rahila kupaka asali kwenye shashi na kufunga.

"Asali inasaidia, siyo porojo," anasema Samiha. "Inavuta uchafu, inakata harufu, na wadudu wengi hawaiwezi. Lakini iwe safi, haijachemshwa, haina sukari ya dukani. Na ikiwa ugonjwa umeshafika kwenye mfupa, asali haifiki huko. Nimemwambia Bi Rahila mara nyingi. Anaitikia tu."

Bi Rahila anaitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia kila mara, na anaendelea kufungua kitambaa.

Asali yenyewe ndiyo iliyomtesa. Mwaka uliopita mizinga yake minne ilimpa chupa kumi na mbili. Msimu huu hazikufika hata mbili. Sababu anaijua, na anaisema kwa hasira iliyokwisha kuchoka.

"Nyuki wataka ua. Sisi twachuma kabla ya ua. Bei ikiwa mbaya, watu huacha miti mingine ikachanua, nyuki wakapata chao. Mwaka huu bei nzuri, hakuna tawi lililosazwa. Nti mzima umekwanguliwa."

Kwa hiyo wakati vidonda ni vingi ndipo asali inapokuwa haba. Mizinga mitatu aliikuta mitupu. Wa nne ulikuwa na masega machache, chakula cha nyuki wenyewe. Mfugaji mwenye akili hayagusi. Bi Rahila aliwasha makumbi ya nazi, akawafukiza, akayakata yote.

"Walikaa siku mbili wakizunguka," anasema. "Kisha wakahama."

Bandeji ya mwisho imefunguka. Bi Rahila anainama, ananusa tena, na safari hii uso wake unalegea. Pembeni mwa kidonda pameanza kuwa pekundu, nyama mpya. Harufu imekatika. Hudhaifa anauliza, "Vipi, dada?" naye anajibu, "Kizuri." Kwa dakika chache jiko lile lilikuwa mahali pa furaha.

Siku ya kurudi hospitali walikwenda wote wawili, Bi Rahila na kichupa chake mkobani. Kidonda, daktari alikisifia. Picha ikaonyesha mfupa umeliwa. Mguu ulikatwa chini ya goti, siku ileile ambayo wachumaji wa kilimani walikuwa wakigawana malipo ya mwisho wa msimu.

"Kama asali ingekuwepo mapema," anasema Bi Rahila. Samiha, aliyekaa kando yake, anamshika mkono.

Nyuma ya nyumba uko mkarafuu mmoja, mrefu, ambao Hudhaifa aliurithi kwa baba yao. Huzaa kwa kuchelewa, na mwaka huu ulizaa mpaka matawi yakainama. Wenzake walikuja kwa wema kabisa wakataka kumchumia, bila kutaka chochote. Akawakatalia. Dada yake alimgombeza. Watoto watakula nini, alimuuliza, na kwa bei hii?

"Uwache uchanue," Hudhaifa alimjibu. "Ule mzinga wa mwisho ulimalizwa kwa ajili yangu."

Kutokana na neno hilo Bi Rahila amepata mpango. Msimu ujao anataka kuzunguka kilima chote, nyumba kwa nyumba, kuwaomba wenye mashamba waache tawi moja kila mti bila kuchumwa. Tawi moja tu. Na anataka kila kambi iwe na mtu wa kukagua miguu ya wachumaji, nje ya ghala, penye upepo, ili mwenye kidonda apelekwe kwa Samiha kabla hajapewa vidonge na mwenzake. Wenye mashamba wawili tayari wamemkubalia. Wengine wamecheka.

Mkarafuu sasa umechanua wote. Ni kitu ambacho watu wa huku hawajazoea kukiona mwaka wa bei nzuri, na wapita njia husimama. Bibi mmoja aliyebeba kuni ameuliza kutoka barabarani, kwa sauti ya pole, "Jamani, hapa pamefiwa, hata karafuu zikaachwa?"

Hudhaifa yuko barazani, magongo yake mawili yameegemea ukuta.

"Tumefiwa, bibi," anajibu. "Tumefiwa na guu."

Bibi anacheka, kisha anaona suruali iliyokunjwa, anajishika mdomo. Bi Rahila hajawasikia. Yuko chini ya mti, karibu na mzinga aliousafisha na kuupaka nta upya, ameinua uso kwenye maua. Amekaa hapo tangu asubuhi, na hajaona nyuki hata mmoja.