Hodi ya Nne

Usiku ule babu yangu, ambaye tulimzika masika yaliyopita, alipiga hodi ya nne. Alipokuwa hai hakuwahi kuvuka ya tatu, kwa jirani wala kwa mkwe. Hata siku mama aliposhikwa na uchungu wa kunizaa mimi, Babu alikwenda kumwita mkunga, akapiga hodi tatu, hakuitikiwa, akageuka kurudi. Mkunga alikuwa anaoga. Ilibidi amkimbilie njiani na kanga mbichi mwilini, na Bibi alimtania mumewe kwa hilo maisha yake yote.

Nianze na yaliyotangulia ndoto.

Mdogo wangu Rehema alikuwa amerudi kutoka chuo kikuu. Chuo kilikuwa kimetenga nafasi kwa watoto wa shule kama yetu huku Newala, shule ya kata isiyo na maabara, na yeye alikuwa wa kwanza kijijini kuipata. Tulimsindikiza stendi kwa vigelegele. Kabla wiki haijaisha alishuka kwenye basi lilelile, akasema neno moja tu: "Hawakunipokea." Akatundika mkoba wake msumarini, akachukua jembe.

Jirani yetu, Mama Shaibu, alipaza sauti juu ya ua: "Chuo kimemtapika! Au ni tumbo hilo?"

"Tumbo lina mihogo yako uliyonipa juzi, Mama Shaibu," Rehema alimjibu bila kuinua uso.

Mimi hupeleka habari za minada ya korosho kwenye redio ya wilaya, kwa hiyo nimezoea kuuliza. Nilipiga simu chuoni. Waliniambia jina la Rehema lipo na nafasi yake ipo, ila yeye mwenyewe hajafika kusajiliwa, na usajili unafungwa Ijumaa. Wao wanasema hakufika. Yeye anasema alifika. Nilipomuuliza tena, alisema hana kinyongo na mtu, akaendelea kupalilia. Nikalala na swali hilo.

Nilijiona uani kwetu, ninaanika korosho. Babu akatokea nyuma ya jiko, kanzu nyeupe, ndara mkononi, kama mtu anayetoka msikitini. Sikushangaa kumwona. Alisema, "Twende. Mchumba wangu amekaa peke yake." Mchumba wake ni Rehema, ndivyo alivyomwita tangu anazaliwa.

Tukaingia kati ya mikorosho, na mikorosho inakuwa milango, mingi, imepangwa huku na huku kwenye ujia mrefu wenye sakafu inayong'aa. Sijawahi kukanyaga chuo kikuu, lakini najua ndiko. Rehema yuko kwenye benchi, amevaa sare yake ya sekondari, mkoba mapajani. Yeye hatuoni sisi.

Babu anasimama kwenye mlango wa kioo. Anafanya kama alivyotufundisha tukiwa wadogo: anasogea pembeni, bega ukutani, mlango anaupa kisogo, ili macho yake yasitangulie kuingia kwa watu. "Hodi," anasema. Sauti ni ya chini, ile inayotosha kupenya ukuta wa udongo. Mimi natazama kwenye kioo. Ndani kuna mwanamke mezani, feni inavuma juu yake, anaongea na simu. Kila mara anatupa jicho mlangoni, na mlangoni hapana mtu.

"Hodi."

Vijana wanakuja, wanasukuma mlango, wanaingia bila neno, wanatoka wakicheka. Babu anawatazama bila hasira, shingo kaipinda kidogo, kama alivyokuwa akiwatazama ndege asiowajua.

"Hodi."

Najua kinachofuata. Alituambia mara nyingi: ya tatu isipoitikiwa, mwenye nyumba hana wasaa nawe, rudi, na usinung'unike. Na kweli ujia umeshakuwa njia ya kwetu, vumbi jekundu, na mkononi mwangu nimeshika fimbo yake. Nampa. Haipokei.

Anaweka ndara chini, anazivaa. Anakwenda kusimama katikati ya kioo, uso kwa uso na waliomo.

"Hii si nyumba ya mtu," ananiambia.

Kisha anakunja ngumi, anagonga, na kioo kinatetemeka. "Hodi!" Sauti hiyo sikuwahi kuisikia kwake, hata shambani akifukuza nguruwe. Mwanamke wa mezani anaanza kuinua kichwa.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Rehema alikuwa jikoni anakoroga uji, na mama kando yake anapepeta. Nilikaa kwenye kinu kilicholazwa.

"Rehema, kule chuoni ulipiga hodi?"

"Sasa ningeingiaje, kaka? Kama mbuzi?"

"Mara ngapi?"

"Tatu. Asubuhi tatu, jioni tatu. Na kesho yake vilevile."

"Ulisimama wapi?"

Aliinuka akanionyesha. Alitoka nje, akaegemeza bega kwenye ukuta wa jiko, akatazama uani. Mimi nilikuwa ndani, karibu kiasi cha kumgusa, na sikumwona. "Hodi," alisema, kwa sauti ile ile ya chini.

Ndipo nikawasimulia ndoto. Mama aliacha kupepeta. "Ya nne? Baba? Baba yangu mimi?" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga, kisha akawa hacheki tena.

Rehema hakucheka kabisa. Alirudi kwenye sufuria, akakoroga, ingawa uji ulikuwa umeshaiva.

"Na yule mama wa ndani," aliuliza, "akamwitikia?"

"Niliamka ndiyo kwanza anainua kichwa."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

Ilikuwa Alhamisi. Basi la mjini lilikuwa halijapita, na mkoba ulikuwa bado msumarini.