Tulifika Sita

Mvua imenyeshea makaa ya yule mama anayeuza nje ya geti letu hapa Gatongora, na harufu yake imenirudisha Mwihoko ya utotoni, kwenye simiti baridi ya mlango wa chumba chetu.

Baba alikuwa amepata kazi ya kiwanda Thika. Begi likiwa tayari mgongoni, alichuchumaa akaandika sakafuni kwa kipande cha makaa: 142857.

"Zidisha kwa mbili, mami," akaniambia.

Nikapata 285714. Nikazidisha kwa tatu, nikapata 428571.

"Umeona? Ni zile zile. Zinabadilishana viti tu, hakuna inayotoka." Akajipangusa mikono. "Ya saba tutafanya na wewe Jumamosi, nikirudi."

Jumamosi ilinikuta nimeshafika sita, na kweli hakuna iliyokuwa imetoka. Nilikaa mlangoni nikisikiliza viatu vya watu wakipita kwenye korido ya ploti, katikati ya vyumba vya wapangaji. Majirani walikuwa wanapika. Vyumba vikawashwa taa, kimoja baada ya kingine.

"Ingia ndani, mami," mama aliita. Hakuniuliza nangoja nini.

Nikazidisha kwa saba peke yangu. Nikapata 999999. Nilidhani nimekosea, nikarudia. Moja haikuwepo, nne haikuwepo, zote zilikuwa zimetoka.

Nikaifuta ile ya saba kwa kiganja mpaka simiti ikawa nyeusi. Kisha nikaandika upya ya sita, nikakaa kando yake, nikaendelea kungoja.