Faili Lililomkana Jirani Yake

Mmeshawahi kuona faili linamkana jirani yake mchana kweupe?

Mimi nimeona.

Nafanya kazi chumba cha kompyuta, kwenye kliniki ya watoto. Zamani tulikuwa wawili. Kaka Kobe, tulimwita hivyo kwa kuchapa kwa vidole viwili, ndiye aliyeandika, kwa lugha ya Python, programu inayowatumia wazazi ujumbe wa chanjo.

Akapunguzwa kazi. Nikabaki mimi na mlio wa feni.

Juzi kompyuta iliyokuwa ikituma yenyewe ikafa. Nikahamishia programu kwenye nyingine, nikaingia ndani ya folda ya kliniki, nikaendesha tuma.py.

Ikagoma. Eti haijui kifurushi chake, yaani folda inamokaa, kwa hiyo faili la wazazi hailioni. Na faili lenyewe liko palepale, ubavuni!

Muuguzi mkuu akachungulia.

"Mwanangu, ujumbe usipotoka kabla ya saa sita, kesho watoto hawaji. Na chupa ya chanjo ikishafunguliwa kwa wachache, inayobaki humwagwa."

"Utatoka, mama."

Mdomo tu huo.

Nikahamisha mafaili, nikafuta, nikarudisha. Wapi! Nikageuka nilalamike, nikakutana na ukuta.

Nikameza kiburi, nikampigia Kobe. Akapokea kabla haijaita vizuri.

"Kumbe namba yangu unayo?"

"Kaka, utanisuta baadaye. Tuma.py imegoma."

"Umesimama folda gani?"

"Ndani ya kliniki, humohumo."

"Ndiyo maana. Ukiliendesha faili peke yake humo ndani, Python haijui kwao ni wapi. Jirani itamjuaje? Toka, panda folda moja juu. Andika python -m kliniki.tuma. Na .py usiiweke, king'ang'anizi wewe."

Nikaandika.

Ujumbe ukaanza kumiminika, mzazi baada ya mzazi. Nikaipiga meza kofi.

"Kaka! Kitu kidogo hivi, mbona hukukiandika kwenye maelezo uliponikabidhi?"

Nikasikia bomba likidondosha maji huko aliko.

"Ningekiandika, ungenipigia?"

Nikavuta kiti, nikakaa.

"Umekunywa chai?" nikauliza.

"Bado."

"Kachemshe. Simu usikate."

Amri ile nimeiandika, atakayekuja aikute.

Na ninyi wenzangu, mtu akiondoka kazini, msingoje kitu kiharibike ndipo mmtafute. Kuna wanaokaa huko wakiomba kiharibike.