Tabasamu la Mama Dodoso

Saa mbili asubuhi, mwanamke anayejulikana idara nzima kama Mama Dodoso anamwaga barafu kwenye beseni la maji, anachovya kipimajoto, anaguna. Nyuzi tatu. Kisha anajificha nyuma ya pazia na saa yake ya kuhesabu sekunde. Upande wa pili mwanafunzi anatumbukiza mkono na kupiga ukelele.

Kwa miaka kumi na moja, katika idara hii ya saikolojia, hapakuwa na pazia. Alikaa uso kwa uso na washiriki. Nusu yao walisomewa kwanza maneno ya kuwatia moyo, nusu maelezo ya kufunga kabati. Waliotiwa moyo walivumilia maji ya barafu karibu dakika moja zaidi, na profesa wake akajipatia jina.

Kaka yake, fundi wa maabara ya kemia ghorofa ya chini, hakuacha kumchokonoa.

"Dada, hiyo si sayansi. Hiyo ni ramli yenye fomu."

"Nilikuwa namfunga mdomo kwa namba," anasema.

Mwezi uliopita chuo kingine kilirudia jaribio hilo. Tofauti haikuonekana, hata ya sekunde tano. Profesa akatoa video za zamani ili waone wenzao walikosea wapi.

Wakamwona yeye. Kwa waliotiwa moyo anainama, anatabasamu, anaitikia kwa kichwa kama anamfundisha mtoto kutembea. Kwa wengine anatazama saa tu. Alijua nani yuko kundi gani, na uso wake ukawaambia.

"Nilipigwa na butwaa. Nikasema, jamani, huyu ni mimi?" Anashika kifua. "Sikuongeza hata sekunde moja. Lakini niliwabeba bila kujua!"

Alilia palepale. Kaka yake alipopata habari alipanda ngazi, na dada alitarajia kuchekwa. Hakucheka.

"Kaka yangu akiichekea chumvi kwenye chupa, chumvi haijali," anasema Mama Dodoso. " Mtu anajali. Basi sisi ndio tunaopaswa kujichunga zaidi."

Sasa makundi yamo ndani ya bahasha zilizofungwa, mshiriki hujifungulia na kujisomea mwenyewe, na Mama Dodoso hajui nani ni nani. Wenzake wamemshauri aache, maana matokeo mabaya yanaweza kumwondoa kazini. Anataka watu mia mbili. Leo amefika wa thelathini na nne.

"Kama hakuna tofauti, nitaandika hakuna, kwa mkono wangu huu. Miaka yote hiyo nilikuwa na uhakika. Sasa nataka kujua."