Tundu la Bakuli

Bakuli la Kichina lililopotea kwenye kaburi la mama yake bibi, kule Chiungutwa, nililichukua mimi. Nimekana jambo hili miaka ishirini na sita, mara moja kwa jina la Mungu, mara moja mdomo umejaa ubwabwa wa hitima.

Nilikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, nimekuja likizo. Tulikuwa tumetoka kusoma habari za Wazungu waliofunga safari mwanzoni mwa karne iliyopita kwenda majangwa ya magharibi mwa China. Waliingia kwenye mapango ya ibada yenye michoro ya kale, wakapaka gundi ukutani, wakabandua miungu ya watu kama mtu anavyobandua tangazo, wakapakia na kuondoka. Waliandika kwamba wanaviokoa. Niliwachukia sana. Wiki iliyofuata nikaenda kusafisha makaburi, nikaliona bakuli kwenye udongo, jeupe, maua ya buluu, na tundu chini la kupitisha kidole. Nikaliokoa.

Chuoni nililiziba tundu kwa gundi ya mafundi magari, nikapaka rangi juu. Kazi safi. Nilijisifu.

Lawama zilimwangukia mke wa mjomba. Alikuwa wa kuja, kwao Lukuledi, na ndiye aliyefagia makaburi yale. Mjomba alipofariki, ukoo ukamrudisha kwao na kitanda chake. Mimi nilimsaidia kufunga godoro.

"Wewe msomi, waambie," alinisihi. "Bakuli la marehemu mimi nimpakulie nani?"

Nikamwambia kamba imelegea, aishike vizuri.

Tangu hapo nimeishi kwa woga, ingawa nilijiita mtu asiyeamini mambo hayo. Uvimbe uliponiota kwenye titi, nililitazama bakuli kabla ya kwenda kwa daktari. Nilipohamia Masasi kufundisha, nililificha nyuma ya madumu ya maji. Bado nafundisha zile safari za China, na kila nikifika kwenye gundi, huruka ukurasa.

Mwezi uliopita mama mdogo alinipigia kutoka Newala. Mke wa mjomba anaumwa, anaomba akifa azikwe karibu na mumewe. Ukoo umekubali kwa sharti moja: Ijumaa apelekwe kwenye kaburi lile la bakuli, aape kwamba hakuiba.

"Anatetemeka, mwanangu," alisema mama mdogo. "Ukiona mtu anatetemeka hivyo, ujue ni yeye."

Simu ilikuwa ikitetemeka mkononi mwangu.

Alhamisi asubuhi nilimwandikia mama mdogo ujumbe. Niliandika "nililihifadhi", nikafuta. Nikaandika "nililiokoa", nikafuta. Nikaandika "niliiba", nikaweka na picha, nikatuma kabla sijaghairi. Kisha nikakaa sakafuni, bakuli mapajani, nikisikiliza ukimya wa simu hadi adhana ya adhuhuri. Niliwaza kwamba nitafukuzwa kama yule mama. Niliwaza pia, kwa aibu, nani atanifungia godoro.

Ikaita.

"Shikamoo, mama mdogo."

Hakuitikia. "Tundu liko wapi?"

"Nililiziba."

"Uliliziba." Nikasikia ndoo ikiwekwa chini. "Profesa mzima! Alilitoboa bibi yako kwa msumari, siku ya kumzika mama yake. Chombo kizima ni cha walio hai, kilichotobolewa ni cha marehemu. Wewe hukuiba tu. Umemnyang'anya mfu chombo chake, ukakirudisha jikoni."

"Nisamehe, mama."

"Mimi? Panda bodaboda sasa hivi uende Lukuledi, ukampigie magoti mke wa mjomba wako. Kesho haapi mtu. Siku yake ikifika atalala kwa mumewe, na kaburi utafagia wewe."

"Na ukoo… watajua?"

"Nimeshaweka picha kwenye kundi."

Nikaligeuza bakuli, nikagusa pale nilipoziba.

"Bakuli lirudi Chiungutwa. Lakini litoboe kwanza. Kwa mkono wako."

"Ndiyo, mama."

"Marahaba," akasema, akakata simu.